Alimeza foliki kliniki mpaka kujifungua, mtoto kazaliwa na mgongo wazi. Tatizo lilikuwa wapi?

#1 Jua la Asubuhi
Wakuu, salaam. Naomba tusaidiane kwa utulivu maana jambo hili limeigawa familia yetu.

Mdogo wangu wa kike amejifungua mtoto mwenye mgongo wazi. Uvimbe ulikuwa chini karibu na kiuno, madaktari wameshaufunga, na sasa wanafuatilia kama kichwa kitajaa maji. Kliniki alianza mimba ikiwa na miezi mitatu, mapema kuliko wengi ninaowafahamu. Siku hiyo hiyo alipewa vidonge vya kuongeza damu vyenye foliki ndani yake, ile vitamini tunayoambiwa inazuia mgongo wazi, na alivimeza vyote, mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa namkumbusha. Leo mama mkwe wake anatangaza kwamba alikuwa anavitupa. Na daktari mmoja alimwambia tu "ni upungufu wa foliki", akageuka kwenda kwa mgonjwa mwingine.

Kama alimeza, upungufu umetoka wapi? Ama foliki haina kazi tunayoambiwa, ama kuna jambo jingine halisemwi. Nawasilisha.

#2 Mkunga Mstaafu
Pole mwanangu, na hongereni kwa mtoto. Hongera isisahaulike kwa sababu ya ugonjwa.

Miezi mitatu ni mapema kwa mambo mengi ya kliniki, ila kwa mgongo wazi ilikuwa imeshapita. Mgongo na ubongo wa mtoto huanza kama utando bapa, utando unajikunja na kingo zake zinafungana kama zipu, unakuwa mrija wa neva. Kazi hiyo inakamilika kama siku ya 28 tangu mimba itunge. Sasa piga hesabu. Mwanamke anapokosa hedhi, mimba ina wiki mbili hivi tangu kutunga. Akisema "ngoja nione wiki mbili nyingine, huenda imechelewa tu", mrija umeshafunga au umeshindwa kufunga. Sehemu ya chini ikibaki wazi ni mgongo wazi. Ya juu ikibaki wazi, mtoto anakosa fuvu la juu na sehemu kubwa ya ubongo, na huyo haishi.

Vidonge alivyopewa vilimsaidia damu yake na ukuaji wa mtoto. Mgongo ulikuwa umeshaamuliwa kabla hajaingia mlango wa kliniki. Mama mkwe aambiwe hivyo, kwa adabu lakini aambiwe.

#3 Kijana wa Mwisho
Mkunga kamaliza. Uzi ufungwe.

#4 Mzee wa Takwimu
Usifungwe, mkuu #3. Mkunga amejibu kwa nini vidonge vya mwezi wa tatu havikuzuia. Hajajibu kwa nini mtoto huyu alipata na watoto wa majirani, ambao mama zao nao walichelewa kliniki, hawakupata. Hayo ni maswali mawili.

Na kwa aliyeuliza kama foliki ina kazi kweli: ina kazi, na ni katika mambo machache ya lishe yaliyopimwa kwa majaribio ya bahati nasibu, yaani watu wanagawanywa makundi kwa kura. Mwaka 1991 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitoa matokeo ya jaribio lililoongozwa na Nicholas Wald, vituo 33 katika nchi 7. Waliwachukua wanawake waliokwisha kupata mimba yenye tatizo hili, wengine wakapewa foliki miligramu 4 kwa siku na wengine hawakupewa. Matatizo yalijitokeza mara 27: sita tu kwa waliopewa foliki, 21 kwa wasiopewa. Hatari ilishuka kwa asilimia 72, na jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu matokeo yalikuwa wazi mno. Mwaka uliofuata Andrew Czeizel wa Hungaria akaonyesha kwamba hata kwa wanawake ambao hawajawahi kupata tatizo hilo, multivitamini yenye foliki miligramu 0.8 ilizuia. Upande wa vitamini hakupatikana hata mmoja, upande wa pili walipatikana sita.

Angalieni neno moja: wote hao walianza KABLA ya mimba.

#5 Mama wa Wanne
Mimi sikuwahi kumeza kidonge chochote kabla ya mimba na watoto wangu wanne wote wazima. Mama yangu naye hivyo hivyo. Haya mambo ya vidonge yamekuja juzi tu.

#6 Mzee wa Takwimu
Dada #5, Mungu awatunze wanao. Ila ushahidi wako haupingi kitu. Sehemu nyingi duniani tatizo hili hutokea mara moja au mbili hivi katika mimba 1,000. Maana yake hata asiyemeza chochote, uwezekano mkubwa ni kupata mtoto mzima. Tunachokizungumzia ni yule mmoja kati ya elfu, na hakuna anayejua mapema kwamba ndiye yeye.

Mfano mzuri ni China. Matokeo yao yalitoka 1999, kidonge cha maikrogramu 400 kwa siku, yaani miligramu 0.4. Kaskazini, kwa wasiomeza, ilikuwa mimba 4.8 kati ya 1,000, waliomeza, 1.0. Kusini, wasiomeza 1.0, waliomeza 0.6. Kidonge ni kile kile, nchi ni ile ile, lakini kaskazini kilifanya kazi kubwa kuliko kusini.

#7 Mwanabayolojia
Nimefurahi #6 ameleta China, maana hapo ndipo penye utata. Ukitoa foliki, idadi inashuka mpaka mahali fulani, halafu inagoma. Ile 0.6 iliyobaki kusini haikutokana na ukosefu wa foliki. Kwa hiyo daktari anayesema "ni upungufu wa foliki" bila kupima anakisia. Huenda kakisia sawa, lakini anakisia.

Kwa panya wa maabara yamepatikana mamia ya majeni ambayo likiharibika moja tu, mrija haufungi. Kwa binadamu hakuna jeni moja la kulaumiwa, ni vitu vingi vidogo vinavyokutana. Na mwanamke aliyepata mimba moja ya namna hii, inayofuata hatari yake inapanda mpaka asilimia 2 hadi 5. Damu ya familia ina sehemu yake, ya baba na ya mama. Mama mkwe akumbuke kwamba nusu ya majeni ya mjukuu yametoka kwa mwanawe.

#8 Kijana wa Mwisho
Hapo #7 umeipiga kwenye mshono 😂 Jua la Asubuhi, hiyo aya ya mwisho mchapishie mama mkwe.

#9 Mfamasia wa Zamu
Kabla ya majeni tuulizie dawa. Jua la Asubuhi, mdogo wako alikuwa na dawa yoyote anayotumia kabla hajajua ana mimba? Nauliza kwa sababu zipo dawa zinazogombana na foliki moja kwa moja. Methotrekseti, dawa ya saratani na baridi yabisi, ni mojawapo, na haipaswi kabisa kutumika ukiwa unatafuta mtoto. Trimethoprimu nayo, ile iliyomo ndani ya kotrimoksazoli, yaani Septrini. Na dawa za kifafa, hasa valproeti, ambayo hatari yake ya mgongo wazi ni kama asilimia 1 hadi 2, yaani mara kumi au zaidi ya kawaida. Kabamazepini ipo pia ila hatari yake ni ndogo kuliko hiyo.

Ongezeni kisukari kisichodhibitiwa na unene uliopitiliza. Mwenye kisukari anaweza kuwa na foliki ya kutosha na bado tatizo likatokea, kwa sababu sukari nyingi ina njia yake yenyewe ya kuvuruga mimba ya wiki za mwanzo.

#10 Taa ya Kibatari
Mfamasia #9 umenishtua. Mimi natumia valproeti tangu nikiwa shule na mwaka huu tumepanga mtoto. Kwa hiyo niache leo?

#11 Mfamasia wa Zamu
USIACHE. Dada yangu, soma hili mara mbili. Kuacha ghafla kunaweza kukuletea degedege lisilokoma, na hilo linaua mama na mtoto. Nenda kwa daktari anayekutibu kifafa, mwambie umepanga mimba, akupangie kubadilisha dawa taratibu kama hali yako inaruhusu. Mpaka hapo endelea kuzuia mimba. Na usidhani foliki nyingi itafuta madhara ya valproeti. Utapewa foliki, kwa kawaida ya dozi kubwa, lakini kwa dawa hiyo kinga yake haijathibitika vya kutosha mtu akaitegemea peke yake.

#12 Taa ya Kibatari
Asante sana. Miadi naichukua kesho.

#13 Shamba Darasa
Wote mmesahau sumukuvu. Kuna ukungu unaoota kwenye mahindi ukiwa shambani au ghalani, unatoa sumu inayoitwa fumonisini. Mwaka 1991 huko Brownsville, Texas, mpakani na Meksiko, watoto watatu wasio na fuvu la juu walizaliwa hospitali moja ndani ya muda usiozidi siku mbili. Watu wakaanza kuulizana kuna nini. Mavuno ya mahindi yaliyotangulia yalikuwa na fumonisini nyingi, na wanawake wa eneo lile wanakula sana chapati za mahindi. Maabara nako ikaonekana sumu hiyo inaharibu utando wa seli mahali ambapo foliki inapokelewa. Kwa hiyo mama anaweza kumeza foliki yake, ikafika kwenye damu, na mlango wa kuingilia ndani ya seli ukawa umefungwa.

Kwangu mimi hilo linaeleza kwa nini China kaskazini ni tofauti na kusini. Chunguzeni chakula kwanza.

#14 Mzee wa Takwimu
#13 hoja yako nzito, ila usiifikishe mbali kuliko ushahidi. Utafiti wa mpakani uliotoka 2006 ulikuta hatari inapanda kadiri fumonisini inavyoongezeka, kisha kwa kundi la waliopata nyingi kabisa ikashuka tena. Watafiti walieleza kwamba huenda mimba za kundi hilo ziliharibika mapema zisihesabiwe. Inawezekana. Inawezekana pia kuna kitu kingine, maana eneo lile lilikuwa na unene, kisukari na lishe duni kwa pamoja. Na kuhusu China kaskazini, umasikini wa lishe ya foliki peke yake unatosha kueleza sehemu kubwa, ndiyo maana kidonge kilishusha kwa kishindo.

#15 Shamba Darasa
Kushusha kwa kidonge hakuondoi sumu, mkuu. Ukiongeza foliki nyingi zaidi, inayopenya kwenye mlango ulioharibika nayo inaongezeka. Hoja zote mbili zinaweza kuwa kweli.

#16 Mzee wa Takwimu
Zinaweza. Ndiyo maana sikusema umekosea.

#17 Baba Mtarajiwa
Samahanini kuingilia. Mke wangu na mimi tunatafuta mtoto. Mimi kama mwanaume nimeze pia? Na ni kweli foliki inaleta mapacha? Maana mapacha nisingekataa.

#18 Mwanabayolojia
Baba Mtarajiwa, mapacha tafuta kwingine. Wachina hao hao walihesabu mimba za wanawake takribani 240,000, wakachapisha 2003: waliomeza foliki na wasiomeza, mapacha walikuwa karibu sawa, hata chini ya asilimia moja kwa pande zote mbili. Uvumi ulitokana na tafiti zilizowachanganya wanawake wanaotibiwa ugumba, ambao huzaa mapacha kwa sababu ya matibabu na pia ndio wanaokumbuka kumeza foliki.

Mwanaume: mwaka 2020 lilitoka jaribio kubwa la Marekani, wanaume zaidi ya 2,000 walipewa foliki na zinki au vidonge visivyo na dawa. Mbegu hazikuboreka, watoto hawakuongezeka. Kazi yako ni kumkumbusha mkeo kidonge chake kila siku na kukinunua kabla hakijaisha.

#19 Binti Shangazi
Je, foliki inazuia na ugonjwa wa Down (Down syndrome)? Rafiki yangu aliambiwa hivyo.

#20 Mkunga Mstaafu
Hapana mwanangu. Down ni kromosomu ya ziada, mara nyingi imetokea yai lilipokuwa linagawanyika kabla hata ya kutunga. Foliki haiwezi kuitoa. Midomo sungura nayo watu huitaja, ushahidi wake ni dhaifu na unavutana. Kazi iliyothibitishwa ni ya mrija wa neva. Msiibebeshe mzigo usio wake, watu wakiona haikuzuia Down wataitupa yote.

#21 Mpenda Asili
Mimi nauliza, tangu lini mwanamke akahitaji kiwanda ili azae? Foliki ipo kwenye mboga za majani, maharage, maini. Jina lenyewe limetoka kwenye jani. Kula vizuri, basi.

#22 Mwanabayolojia
Foliki ya chakula ipo, na hakuna anayekukataza mboga. Shida zipo mbili. Ya kwanza, haivumilii moto wala maji: chemsha mboga umwage supu yake, sehemu kubwa imekwenda. Ya pili, hata iliyobaki mwili unaichukua kwa takribani nusu, wakati ya kidonge ikimezwa na chakula huchukuliwa kama asilimia 85. Kuipata nyongeza ya maikrogramu 400 kwa mboga tupu kila siku, kwa miezi, ni watu wachache wanaofika.

Na hiyo historia ni tamu, niruhusuni. Mwaka 1931 daktari Mwingereza Lucy Wills alikuwa Bombay akishughulikia wajawazito waliokuwa wanakufa kwa upungufu wa damu. Akawatibu kwa dondoo ya hamira, wakapona, bila yeye kujua ni kitu gani ndani ya hamira kinachowaponya. Kitu hicho kilipatikana kwenye majani ya spinachi 1941 na ndipo kikapewa jina hilo la jani. Miaka ya 1960 Hibbard na Smithells huko Uingereza wakawa wa kwanza kuhisi kwamba kina uhusiano na kasoro za watoto. Tangu hapo mpaka jaribio la #4 ilipita robo karne. Watoto wangapi walizaliwa katikati ya hapo, mimi hilo huniuma.

#23 Mpenda Asili
Historia nimeipenda. Ila kidonge cha kiwandani na foliki ya jani si kitu kimoja. Kuna watu wana badiliko kwenye jeni la MTHFR, miili yao haiwezi kukibadilisha kidonge. Wanatakiwa foliki ya methili, ile iliyokwisha kubadilishwa tayari.

#24 Mfamasia wa Zamu
Hilo tangazo la wauzaji nalijua. Wenye badiliko hilo la MTHFR ni wengi sana duniani, na miili yao INABADILISHA foliki, kiwango chao cha damu kinapanda wakimeza, kidogo tu chini ya wengine. Tena ni wao hasa wanaofaidika. Halafu swali la msingi: majaribio yote yaliyoonyesha kuzuia mgongo wazi yalitumia asidi ya foliki ya kawaida. Ile ya methili inapandisha foliki kwenye damu, lakini haijapitishwa kwenye jaribio la kuzuia kasoro hizi. Siwezi kumshauri mama aache kilichothibitishwa achukue kilicho ghali.

#25 Jua la Asubuhi
Nimerudi. Asanteni wote, nimesoma kila neno pamoja na mdogo wangu akiwa pembeni.

Tumejibu maswali ya Mfamasia #9. Kifafa hana. Kisukari hajawahi kuambiwa, ila mimba ilipofika miezi saba sukari ilipimwa ikawa juu, akaambiwa ni ya ujauzito. Kabla hajajua ana mimba aliumwa homa kali siku kadhaa. Na kwenye homa hiyo alipewa kotrimoksazoli wakisema ni mkojo mchafu. Amelia aliposoma jina hilo hapa. Ndiyo sababu?

#26 Mfamasia wa Zamu
Mwambie asilie kwa ajili ya dawa aliyopewa na mtu aliyesomea. Trimethoprimu iliyotumika wiki zile za mwanzo imehusishwa na kasoro za mrija wa neva katika tafiti zaidi ya moja, na utaratibu wake unaeleweka. Kwangu ndiyo mshukiwa wa kwanza. Lakini wapo maelfu waliomeza dawa hiyo hiyo wiki hizo hizo na watoto wao ni wazima.

#27 Mkunga Mstaafu
Mimi naitazama homa. Joto kali la mama katika mwezi wa kwanza limeonekana mara nyingi kwenye historia za watoto hawa, hata wale ambao mama zao hawakutumia dawa yoyote.

#28 Mwanabayolojia
Na mimi naitazama sukari. Sukari iliyoonekana miezi saba huenda ilikuwepo tangu mwanzo bila kupimwa. Akapimwe sasa akiwa hana mimba. Hilo ndilo kati ya yote linaloweza kurekebishwa.

#29 Shamba Darasa
Mimi bado niko kwenye mahindi.

#30 Mzee wa Takwimu
Ndugu zangu, mnaona tulipofika. Mtoto mmoja, washukiwa watano. Nikumbushe ya Botswana. Mwaka 2018 utafiti wa Tsepamo uliripoti watoto wanne wenye kasoro hizi kati ya mimba 426 zilizotungwa mama akiwa anatumia dolutegraviri, dawa ya VVU. Dunia ikatikisika, wanawake wengi wakanyimwa dawa nzuri. Waliendelea kuhesabu mwaka hadi mwaka, na kadiri mimba zilivyoongezeka idadi ikashuka mpaka ikalingana na ya wasioitumia. Kama kwa mimba 426 tuliona kisichokuwepo, kwa mtoto mmoja tutaona nini?

#31 Mfamasia wa Zamu
Mfano mzuri, ila usitumike kuzima kila tahadhari. Valproeti nayo ilianza kwa visa vichache, na yenyewe ikathibitika.

#32 Mama Imara
Nimesoma kimya, sasa niseme. Mimi ni mama wa mtoto mwenye mgongo wazi, yuko shule ya msingi na hesabu anawapita wenzake. Jua la Asubuhi, hayo ya sababu yaacheni yaendelee hapa, wewe na mdogo wako angalieni haya.

Pimeni mzunguko wa kichwa kila mnapokwenda na muandike. Kikikua haraka, mtoto akatapika, macho yakaanza kutazama chini, msisubiri miadi. Wangu aliwekewa shanti, yaani mpira wa kutoa maji kichwani, wapo wanaofanyiwa upasuaji wa tundu ndani ya ubongo bila mpira, daktari ataamua.

Mkojo. Hapa ndipo watoto wanapotea kimyakimya. Kibofu chake kinaweza kisitoe mkojo wote, mkojo ukarudi juu ukaua figo huku mtoto anacheka. Ombeni mfundishwe kutoa mkojo kwa mpira mapema, msingoje aanze kuugua. Ni kazi ya dakika chache, unaizoea.

Miguu ikiwa kifundo, yaani imepinda, ifungwe plasta mapema. Ngozi ya miguu na makalio mkague kila siku, hasikii akiungua. Na mipira ya lateksi, yaani glavu na baluni, muwe macho, watoto hawa wengi hupata mzio nayo.

#33 Jua la Asubuhi
Mama Imara, sina neno. Habari ya figo hakuna aliyetuambia. Nimekuandikia ujumbe wa faragha.

#34 Kijana wa Mwisho
Nilisema uzi ufungwe, Mungu kasaidia haukufungwa. Swali: kama nusu ya mimba duniani hazipangwi, haya ya "anza kabla" yatamsaidia nani?

#35 Mzee wa Takwimu
Ndiyo maana nchi zikaamua kuweka foliki kwenye unga. Marekani lazima tangu 1998, maikrogramu 140 kwa kila gramu 100 za nafaka iliyosagwa, na taasisi yao ya kudhibiti magonjwa inakadiria watoto 1,300 hivi kwa mwaka wanaepuka kasoro hizi. Kanada mwaka huo huo, Chile 2000, Afrika Kusini 2003, Australia 2009. Uingereza, waliofanya lile jaribio la 1991, sheria yao ilipitishwa 2024 na utekelezaji ukapangwa mwisho wa 2026. Miaka 35! Mwaka 2023 Mkutano wa Afya Duniani nao ulipitisha azimio la kuhimiza urutubishaji.

#36 Mpenda Asili
Kumlisha kila mtu dawa, hata mzee na mwanaume, kwa ajili ya wajawazito. Hilo silikubali. Na nimesikia inaficha ukosefu wa B12 kwa wazee mpaka neva zinaharibika.

#37 Mwanabayolojia
Hofu ya B12 ndiyo ilizichelewesha nchi nyingi, na ni hofu ya kweli kwa dozi kubwa: damu inaonekana nzuri huku neva zinaumia. Ndiyo sababu kikomo cha mtu mzima kikawekwa miligramu 1 ya foliki ya kutengenezwa kwa siku, bila ushauri wa daktari. Kwa kiwango cha unga, miaka zaidi ya 25 ya Marekani na Kanada haijaonyesha wazee wakiharibika neva kwa wingi. Ila tutatofautiana, maana suala lako ni la ridhaa pia, na hilo maabara haliamui.

#38 Binti Shangazi
Mdogo wake Jua la Asubuhi akitaka mtoto mwingine, dozi ni ile ile ya 400?

#39 Mfamasia wa Zamu
Hapana. Aliyekwisha kupata anaandikiwa miligramu 4 au 5 kwa siku, karibu mara kumi au zaidi, kabla ya mimba mpaka wiki 12. Asijaribu kufika huko kwa kumeza multivitamini nyingi kwa pamoja, vitamini A itazidi na yenyewe inaleta kasoro. Ni kidonge cha foliki peke yake, kwa cheti.

Na jambo moja hupitwa sana: anayepewa SP ya kuzuia malaria wakati wa ujauzito asiwe kwenye foliki ya miligramu 5, inaidhoofisha SP. SP huanza baada ya miezi mitatu, wakati huo anatakiwa ameshashuka kwenye 0.4. Aseme mwenyewe kliniki kwamba alikuwa kwenye dozi kubwa, asingoje aulizwe.

#40 Binti Shangazi
Na mimi je, sina historia yoyote, nina kijiti na nakitoa mwakani. Nianze nikikitoa?

#41 Mkunga Mstaafu
Anza kijiti kikiwa bado mkononi, mwanangu. Foliki hujijenga ndani ya chembe nyekundu za damu taratibu, kwa 400 kwa siku inachukua kama miezi miwili au mitatu kufika kiwango kinachokinga. Na kijiti kikitoka mimba inaweza kuingia mwezi huo huo.

#42 Mama Imara
Na ukipata mimba, ultrasaundi ya wiki 18 hadi 20 usiikose, umwombe anayepima aangalie mgongo wote na kichwa. Wangu ungejulikana mapema ningejifungulia penye daktari wa upasuaji wa watoto, si kusafirishwa na kidonda kikiwa wazi.